Mlima Unapovimba: Namna ya Kupima Mabadiliko Madogo ya Kimo cha Ardhi kwa Setilaiti

Kusini mwa Ziwa Natron, katika Mkoa wa Arusha, umesimama mlima wenye miteremko mikali ambao Wamaasai huuita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Kimo chake kinakaribia mita 3,000. Mlima huu ni volkano hai, na ni volkano ya pekee inayojulikana duniani ambayo katika zama zetu imetoa lava ya kaboneti. Lava hiyo hutiririka kwa wepesi, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, ilhali lava za volkano nyingine nyingi hupita nyuzi 1,000. Chini ya mlima huo wanaishi watu, na mifugo yao hulisha kwenye nyanda zinazouzunguka.

Tuseme kwamba ubavu mmoja wa mlima huo umeinuka sentimita 2 katika muda wa mwaka mmoja. Mchungaji anayepita hapo kila siku hataona chochote. Miti haitaegama, wala mawe hayataporomoka. Hata hivyo, sentimita hizo 2 huenda zikawa ndiyo habari pekee inayotufikia kutoka kilomita kadhaa chini ya ardhi. Je, habari hiyo inaweza kusomwa? Na ikisomwa, twaweza kuitegemea kiasi gani? Makala haya yanajaribu kujibu maswali hayo mawili.

KWA NINI ARDHI HUINUKA NA KUSHUKA

Chini ya volkano huwamo magma, yaani mwamba ulioyeyuka pamoja na gesi zilizoyeyuka ndani yake. Magma mpya inapopanda kutoka chini na kuingia katika nafasi iliyo ndani ya miamba, miamba iliyo juu yake husukumwa. Kwa kuwa mwamba una unyumbufu, ijapokuwa ni mdogo, uso wa ardhi huinuka kidogo na kutanuka kuelekea pande zote, mfano wa ngozi inavyovimba juu ya jipu. Magma ikiondoka, ama kwa kutoka nje ama kwa kukimbilia mahali pengine chini kwa chini, uso wa ardhi hushuka.

Mfano wa jambo hili ulionekana katika eneo hilo hilo la Natron mwaka 2007. Mwezi wa Julai mwaka huo, mfululizo wa matetemeko ya ardhi ulianza karibu na mlima Gelai, jirani na Ol Doinyo Lengai. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na mitikisiko ilisikika hadi Nairobi. Picha za rada zilizopigwa na setilaiti zilionyesha kwamba ufa mrefu wa kilomita kadhaa ulikuwa umefunguka chini ya ardhi na kujazwa magma, ukawa kama ukuta wa mwamba ulioyeyuka uliosimama wima. Magma hiyo haikufika juu. Lakini ardhi iliyo juu ya ufa huo ilipasuka na kudidimia kwa makumi ya sentimita. Mnamo tarehe 4 Septemba 2007, Ol Doinyo Lengai wenyewe ukalipuka kwa nguvu na kurusha majivu angani, na milipuko iliendelea hadi mwaka 2008. Majivu yaliangukia malisho na makazi ya jirani.

Wakati huo mlima haukuwa na mtandao wa vyombo vya kudumu vya kupima mwendo wa ardhi kila siku. Picha za rada zilisaidia sana, lakini setilaiti ya rada hupita juu ya mahali pamoja baada ya siku nyingi, na kinachotokea kati ya picha mbili hakionekani. Kwa hiyo palihitajika chombo kinachokaa hapo hapo mlimani, mchana na usiku.

KUPIMA KIMO KWA NJIA YA ZAMANI

Mafundi wetu wa ujenzi wanaijua njia moja ya kulinganisha vimo. Huchukua mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, huujaza maji, kisha hushika ncha moja kwenye pembe moja ya nyumba na ncha nyingine kwenye pembe ya pili. Maji yakitulia, uso wake katika ncha zote mbili huwa katika usawa mmoja. Wapima ardhi nao, kwa zaidi ya miaka mia moja, wametumia darubini iliyolazwa sawasawa kwa pima maji, wakasoma namba katika fito mbili zilizosimamishwa mbele na nyuma ya darubini. Hatua kwa hatua, kila moja ikiwa na urefu wa makumi ya mita, walivuka nchi nzima.

Njia hii ni sahihi mno kwa masafa mafupi. Upungufu wake ni kwamba huchukua siku nyingi, huhitaji watu wengi, na kila hatua huongeza kosa lake dogo juu ya makosa ya hatua zilizotangulia. Zaidi ya hayo, kumtaka mtu apande na fito kwenye mteremko wa volkano inayotikisika ni kumtia hatarini. Hapo ndipo setilaiti zinapotufaa.

SETILAITI HUPIMAJE MAHALI?

Mfumo wa setilaiti unaofahamika zaidi ni GPS wa Marekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Iko pia mifumo ya Urusi, ya Ulaya na ya China. Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hukamilisha mizunguko miwili kwa karibu siku moja. Kila setilaiti ina saa ya atomu, na hutangaza kwa mawimbi ya redio habari mbili: mahali ilipo, na wakati ilipotoa tangazo hilo.

Kipokezi kilichoko ardhini hulinganisha wakati wa kutolewa kwa tangazo na wakati wa kulipokea. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 299,792 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo:

umbali = mwendo wa nuru × muda wa safari.

Safari kutoka setilaiti iliyo utosini hadi ardhini huchukua sekunde 0.067 tu. Tukijua umbali wetu kutoka setilaiti tatu ambazo mahali pake panajulikana, tunaweza kupata mahali petu. Lakini saa ya kipokezi ni ya bei ndogo na haiaminiki kama saa ya atomu. Kwa sababu hiyo tunahitaji setilaiti ya nne, ili tupate pia kosa la saa yetu. Mwanafunzi wa hisabati atatambua mara moja kwamba hapa tuna vitu vinne visivyojulikana, yaani viwianishi vitatu vya mahali na kosa la saa, na hivyo tunahitaji milinganyo minne.

Sasa tazama ugumu uliopo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 katika umbali. Kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30. Kipokezi cha kawaida, kama kile kilichomo katika simu ya mkononi, hukosea kwa mita kadhaa. Kosa hilo halimzuii mtu kufika sokoni, lakini chombo cha namna hiyo hakiwezi kutuambia iwapo mlima umeinuka sentimita 2.

KUTOKA MITA HADI MILIMITA

Ili kuvuka pengo hilo, wapimaji hawategemei tangazo la wakati peke yake. Huyatazama mawimbi yenyewe yanayolibeba tangazo hilo. Wimbi kuu la GPS lina masafa ya megahezi 1,575.42, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 19 hivi. Wimbi hilo ni kama kamba ndefu iliyofungwa mafundo, kila fundo likiwa sentimita 19 kutoka kwa lingine. Vipokezi vya kitaalamu vinaweza kutambua mahali palipofikiwa kati ya fundo na fundo kwa usahihi wa karibu sehemu moja ya mia, yaani milimita 2.

Lakini mafundo yote yanafanana. Kipokezi kinapoanza kazi hakijui idadi ya mafundo kamili yaliyoko kati yake na setilaiti. Hujua tu sehemu ya fundo la mwisho. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzifuata setilaiti nyingi kwa muda mrefu bila kukatiza. Kadiri setilaiti zinavyosogea angani, ndivyo majibu ya uongo yanavyojitenga na jibu la kweli, kwa kuwa ni idadi moja tu ya mafundo inayokubaliana na vipimo vyote. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa nini kazi hii hutaka subira: kipokezi huachwa mahali pamoja kwa saa nyingi, na aghalabu kwa miaka.

KWA NINI KIMO NI KIGUMU KULIKO UPANDE

Mpimaji akitumia kipokezi cha kitaalamu kwa siku nzima, huweza kujua mahali pake kuelekea kaskazini na mashariki kwa kosa la milimita 2 au 3. Lakini kwa kimo, kosa huwa kubwa mara mbili hadi tatu. Sababu ni nini?

Fikiria taa iliyoning'inizwa darini kwa kamba nne zinazotoka pembe nne za chumba. Kamba zote nne zikirefuka kidogo kwa kiasi kile kile, taa haitasogea kushoto wala kulia, kwa maana marefusho ya upande mmoja yanafutwa na marefusho ya upande wa pili. Lakini taa itashuka. Hakuna kamba inayotoka sakafuni ili kuizuia.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kipokezi. Setilaiti ziko mashariki yake na magharibi yake, kaskazini na kusini, lakini zote ziko juu. Hakuna setilaiti inayoonekana kwa kupenya dunia. Kwa hiyo kosa lolote linalorefusha safari za mawimbi yote kwa pamoja hugeuka kuwa kosa la kimo.

Na makosa ya namna hiyo ni mengi. La kwanza latokana na tabaka la juu la angahewa, ambalo lina chembe zenye chaji ya umeme zilizoachwa na miali ya jua. Chembe hizo huyachelewesha matangazo ya setilaiti. Bahati njema, kiasi cha kuchelewa hutegemea masafa ya wimbi, na kila setilaiti hutangaza kwa masafa zaidi ya moja. Kwa kulinganisha mawimbi ya masafa mawili, sehemu kubwa ya kosa hilo huondolewa.

Kosa la pili latokana na tabaka la chini la angahewa, lile tunalovuta pumzi ndani yake. Katika usawa wa bahari, hewa kavu hurefusha safari ya wimbi linaloshuka kutoka utosini kwa karibu mita 2.3. Hicho ni kiasi kikubwa, lakini hukadiriwa vizuri tukijua kanieneo ya hewa. Kinachosumbua ni mvuke wa maji, ambao huongeza sentimita chache hadi makumi ya sentimita, na hubadilika kutwa kucha. Wingu zito linaposimama juu ya mlima, kipokezi kinaweza kudanganyika kwamba mlima umeshuka. Wapimaji hulazimika kukadiria mvuke huo pamoja na mahali, kutokana na vipimo hivyo hivyo.

La tatu si kosa la chombo, bali ni mwendo wa kweli wa ardhi usiohusiana na magma. Wengi wetu twajua kwamba mwezi na jua huivuta bahari, ikajaa na kupwa. Wachache wanajua kwamba nchi kavu nayo hujaa na kupwa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ardhi tunayoikanyaga huweza kuinuka na kushuka kwa sentimita 30 au zaidi katika muda wa nusu siku. Hatuhisi kitu, kwa sababu nyumba, miti na milima yote huinuka pamoja nasi. Mwendo huu unajulikana vizuri kwa hesabu za falaki, na hutolewa katika vipimo.

La nne ni uzito wa maji. Baada ya masika, udongo, mito na maziwa hubeba maji mengi, na ardhi hukandamizwa kwa uzito huo. Wakati wa kiangazi huinuka tena. Katika bonde la mto Amazon huko Brazili, ambako mafuriko ya kila mwaka ni makubwa mno, kipokezi cha mji wa Manaus kimeonekana kupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kila mwaka. Katika sehemu nyingi mwendo huu ni wa milimita chache, lakini milimita chache ndizo hasa tunazozitafuta.

KIMO KUTOKA WAPI?

Hapa yafaa tukumbushane jambo ambalo huwachanganya wanafunzi. Tunaposema mlima fulani una kimo cha mita kadhaa, tunamaanisha juu ya usawa wa bahari. Lakini setilaiti haziujui usawa wa bahari. Hesabu zake hupima kimo juu ya umbo la kihisabati la dunia, yaani tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha mbili za kaskazini na kusini. Bahari yenyewe hailingani na umbo hilo. Mahali pengine iko juu yake na mahali pengine iko chini, kwa kuwa uvutano wa dunia haulingani kila mahali. Katika pwani ya Afrika Mashariki, uso wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Ndiyo maana kipokezi cha Malindi nchini Kenya, ambacho kimo katika mtandao wa kimataifa wa vituo vya kupimia, huandikiwa kimo cha kama mita 20 chini ya sufuri, ingawa kimesimama nchi kavu.

Kwa kazi yetu, jambo hili halina madhara. Hatutafuti kimo cha mlima, bali mabadiliko ya kimo hicho. Mradi tunatumia sufuri ile ile leo na kesho, tofauti itakuwa ya kweli.

MJUE MLIMA KWA JIRANI YAKE

Makosa mengi tuliyoyataja yana tabia moja njema: huwapata majirani wote kwa pamoja. Basi dawa yake ni kuweka kipokezi kimoja mlimani na kingine mahali palipotulia, kisha kutoa kipimo cha pili kutoka cha kwanza. Makosa ya pamoja hufutika, na kinachobaki ni mwendo wa mlima peke yake.

Tutazame mfano. Namba zifuatazo si za mlima wowote. Zimetungwa kwa ajili ya somo hili. Kituo A kiko mlimani, na kituo B kiko kilomita 40 kutoka hapo juu ya mwamba imara. Vipimo ni vya milimita, vikihesabiwa kutoka kipimo cha kwanza.

Januari: A = 0; B = 0; A − B = 0
Aprili: A = −6; B = −9; A − B = +3
Julai: A = +5; B = −2; A − B = +7
Oktoba: A = +11; B = +1; A − B = +10
Januari ya pili: A = +14; B = 0; A − B = +14

Anayetazama kituo A peke yake mwezi wa Aprili atasema kwamba mlima umeshuka. Lakini B kilishuka zaidi, pengine kwa uzito wa mvua za masika. Tofauti inaonyesha kwamba mlima ulikuwa ukipanda tangu mwanzo, kwa mwendo wa karibu milimita 14 kwa mwaka.

Je, mwezi wa Aprili mpimaji angekuwa na haki ya kutangaza kwamba mlima unapanda? La hasha. Tuseme kila kipimo kina kosa lisilotabirika la milimita 5 juu au chini. Kosa la tofauti ya vipimo viwili ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa hayo, yaani √(25 + 25), ambayo ni milimita 7 hivi. Milimita 3 za Aprili zimo ndani ya kosa, na hazithibitishi chochote. Hata milimita 7 za Julai ni za kutilia shaka. Ni mwisho wa mwaka, tofauti ilipofika mara mbili ya kosa, na vipimo vyote vinne vikaelekea upande mmoja, ndipo mpimaji anapoweza kuanza kusema kwa sauti. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuwa na subira.

Tena twaweza kulipunguza kosa kwa kupima mara nyingi na kuchukua wastani. Makosa yakiwa hayategemeani, wastani wa vipimo 25 una kosa dogo mara 5 kuliko kipimo kimoja. Kwa bahati mbaya makosa ya leo na ya kesho mara nyingi hufanana, kwa hiyo faida halisi huwa ndogo kuliko hiyo.

OL DOINYO LENGAI NA NDUGU ZAKE

Kuanzia mwaka 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, wale wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani, na washirika wao waliweka mtandao wa vipokezi vya kudumu katika eneo la Ol Doinyo Lengai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walieleza kwamba kuanzia mwezi wa Machi 2022 vipokezi vilionyesha mlima ukiinuka kwa haraka hadi Desemba mwaka huo, na kisha ukaendelea kuinuka kwa mwendo wa taratibu hadi Agosti 2023. Maelezo yaliyopatana na vipimo ni kwamba magma au gesi ilikuwa ikiingia chini ya mlima.

Je, hiyo ni kusema kwamba mlima ukivimba lazima ulipuke? Milima mingine ya Bonde la Ufa yatupa jibu. Picha za rada zilizochunguzwa nchini Kenya zilionyesha kwamba mlima Longonot uliinuka kama sentimita 9 kati ya mwaka 2004 na 2006, na mlima Paka uliinuka kama sentimita 21 katika miezi michache ya mwaka 2006 na 2007. Milima hiyo yote miwili haikulipuka. Huko Pozzuoli, nchini Italia, ardhi iliinuka karibu mita 1.8 kati ya mwaka 1982 na 1984. Maelfu ya watu wakahamishwa kutoka majumbani mwao, na mlipuko haukutokea.

Kwa hiyo mpimaji hubeba mizigo miwili mabegani. Akinyamaza wakati wa hatari, watu watakutwa hawana habari. Akipiga mbiu kila mara mlima unapoinuka, watu watahama bure, wataacha malisho na mashamba, na siku ya hatari ya kweli hawatamsikiliza tena. Ndiyo sababu kuinuka kwa ardhi husomwa pamoja na ishara nyingine: idadi ya matetemeko madogo, kina yanakotokea, gesi zinazotoka kileleni, na joto la ardhi. Ishara moja yataka kuangaliwa. Ishara kadhaa zikikubaliana, zataka hatua.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: mpira wa plastiki unaopitisha mwanga wenye urefu wa mita 5 au zaidi, rula mbili za mita moja, kamba, madaftari kadhaa, na maji.

Jaza mpira maji na uhakikishe hakuna mapovu ndani. Funga kila ncha kwenye rula iliyosimamishwa wima, alama ya sufuri ikiwa chini. Rula A isimame juu ya dawati, ambalo ndilo mlima. Rula B isimame juu ya dawati la pili, ambalo ndilo mwamba uliotulia. Maji yakitulia, someni uso wa maji katika kila rula, na muandike B − A.

Kisha wanafunzi wageuke, na mwalimu afanye mojawapo ya mambo haya bila kusema: aweke daftari moja jembamba chini ya rula A, au aongeze maji kidogo mpirani, au asifanye kitu. Wanafunzi wapime tena. Rudieni mara kumi, na mchore grafu ya A peke yake, na grafu ya B − A.

Mtaona kwamba maji yakiongezwa, masomo ya A na B hupanda pamoja, na tofauti haibadiliki. Daftari likiwekwa, tofauti huongezeka kwa unene wa daftari. Maji yaliyoongezwa yanasimama badala ya mvuke, mvua na mvutano wa mwezi. Daftari linasimama badala ya magma. Mwisho, wanafunzi watamke ni katika kipimo cha ngapi walipopata hakika kwamba mlima umeanza kuinuka, kisha mwalimu aseme ukweli. Darasa litagundua, bila kuambiwa, ugumu wa kutangaza mapema na hasara ya kuchelewa.

HITIMISHO

Kipokezi cha mlimani hakina mengi ya kutazamwa: ni kichwa cha chuma juu ya nguzo iliyokazwa kwenye mwamba, paneli ya umeme wa jua na sanduku. Thamani yake haimo katika chuma hicho, bali katika miaka ya vipimo visivyokatika. Nguzo ikisukumwa sentimita moja tu na ng'ombe aliyefungwa hapo, au na mtoto aliyeipanda kwa mchezo, mpimaji huenda akadhani mlima umesogea, na kumbukumbu ya miaka kadhaa hutiwa doa. Mwalimu afundishaye karibu na kituo cha namna hiyo ana nafasi njema ya kuwaeleza wanafunzi na wazazi wao kazi ya nguzo hiyo, ili wailinde kama wanavyolinda kisima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tangazo la setilaiti limechukua sekunde 0.07 kufika kwenye kipokezi. Kadiria umbali wa setilaiti hiyo. Je, iko utosini au iko karibu na upeo wa macho? Toa sababu.

2. Eleza kwa mfano wa taa na kamba kwa nini kosa la kimo ni kubwa kuliko kosa la upande.

3. Vituo viwili vina kosa la milimita 3 kila kimoja. Tofauti yake ina kosa gani? Mlima unaopanda milimita 4 kwa mwaka utahitaji muda gani ili mwendo wake uzidi mara mbili ya kosa hilo?

4. Kituo B kikiwekwa karibu mno na mlima, hasara yake ni nini? Kikiwekwa mbali mno, hasara yake ni nini?

5. Wewe ni mpimaji. Mlima umeinuka sentimita 3 kwa miezi sita, lakini hakuna matetemeko wala gesi mpya. Andika taarifa fupi ya aya moja kwa wazee wa kijiji kilichoko chini ya mlima huo, ukisema unayoyajua tu, na jambo unalowashauri wafanye.